Tabasamu la Behewa la Kulala

Usiku wa manane, abiria wakikoroma, mhudumu wa kampuni ya Pullman alikuwa macho akipiga dawa viatu vyao. Dawa aliinunua kwa fedha zake. Taulo likipotea, alikatwa mshahara. Na kengele ikilia alfajiri alitakiwa aitike kwa bashasha, hata kama hakuwa amefumba jicho.

Tangu George Pullman alipoanzisha kampuni yake ya mabehewa ya kulala ya treni nchini Marekani mwaka 1867, kazi hiyo walipewa wanaume weusi, na wale wa mwanzo wengi wao walikuwa wametoka utumwani juzijuzi. Pullman aliwauzia abiria anasa, na ndani ya anasa hiyo mlikuwa na raha ya kutumikiwa kama mabwana wa mashamba. Abiria waliwaita wahudumu wote "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mshahara uliwekwa chini kwa makusudi, mifuko ya abiria izibe pengo. Mwaka 1925 kima cha chini kilikuwa dola 67.50 kwa mwezi, na mwezi huo ulihesabiwa kwa karibu saa 400 za kazi au maili 11,000 za safari. Uchungu wa kazi ulikuwa hapo. Mtu alitabasamu ili watoto wake wale. Akitukanwa akajibu, bakshishi imekwenda, na lalamiko moja la abiria liliweza kumpotezea kibarua.

Lakini atakosea atakayedhani waliidharau kazi yao. Mitaani kwao, mhudumu wa Pullman alikuwa mtu wa heshima: amevaa sare nadhifu, ameiona miji, ana habari za mbali. Wao ndio waliosafirisha nakala za Chicago Defender, gazeti la watu weusi, hadi majimbo ya Kusini, ambako wakubwa wengi wa kizungu hawakutaka lisomwe.

Tarehe 25 Agosti 1925, huko Harlem, New York, walizindua chama chao, Brotherhood of Sleeping Car Porters. Kiongozi wao alikuwa A. Philip Randolph, mhariri ambaye hakuwa mwajiriwa wa Pullman, hivyo kampuni haikuwa na pa kumshika. Wanachama wakafukuzwa, wapelelezi wakapandikizwa kati yao. Miaka 12 ikapita kabla kampuni haijasaini mkataba, tarehe ileile ya Agosti, mwaka 1937: saa 240 kwa mwezi, nyongeza ya mshahara, na utaratibu wa kusikiliza malalamiko. Bakshishi ziliendelea, na tabasamu pia, ila mhudumu aliyesemewa na abiria sasa alikuwa na chama cha kumtetea.