Uso wa Mota na Uhuru wa Giaboksi

Katika mashindano ya roboti ya FIRST, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992 huko New Hampshire, Marekani, sifa huenda kwa giaboksi walizobuni wanafunzi wenyewe. Mimi naona ubunifu huo umesimama juu ya kitu kisichotazamwa: uso wa mbele wa mota, pale inapofungwa kwenye bati. Miaka ya mwanzo timu zilitumia, pamoja na nyingine, mota za drili za mkononi. Mota hiyo imekusudiwa kubanwa ndani ya maganda mawili ya plastiki. Ukiitoa humo, haina pa kushikwa pa kuaminika. Ilibidi kuichongea kiota, na ikicheza kidogo tu meno ya gia hukaa vibaya: yakiachana yanarukana, yakibanana yanasagana na kula umeme bure. Akili iliyopaswa kubuni giaboksi ilimalizikia kwenye vibano.

Kisha ikaja mota ya CIM ya volti 12, yenye unene wa inchi 2.5. Usoni ina nundu ya mviringo ya milimita 19 na matundu mawili ya skrubu kwenye duara la inchi 2. Mwanafunzi hutoboa bati la alumini tundu moja kubwa na mawili madogo. Nundu ikiingia bila kulegea, shafti ya milimita 8 imekwisha kaa mahali pake.

Wapo wanaosema kipimo kimoja kwa wote hufanya roboti zifanane. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu nyuma ya bati lile idadi ya gia, uwiano wa meno na namna ya kubadili mwendo vilibaki mikononi mwa mbunifu. Wengine huhofia kwamba skrubu mbili ni chache, na kweli mtikisiko huzilegeza zisipotiwa gundi ya nyuzi. Lakini kazi ya skrubu ni kubana tu. Inayoiweka shafti katikati ni nundu.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulikuja baadaye. Mota ya NEO ya mwaka 2018 haina brashi, hivyo ndani haifanani na CIM, ila ilifungwa kwenye giaboksi zilezile. Falcon 500 iliyofuata ilibadilisha hata shafti, ikaipa meno badala ya mfereji mmoja wa kushikia gia. Timu zilihitaji gia mpya ya kwanza. Duara la inchi 2 halikuguswa.