Mwalimu Aliyelipiwa Safari



Kila mwaka wako wenzetu wanaoomba ufadhili wa kwenda kusoma ng'ambo, nasi katika vikundi vyetu tumezoea kuwaombea wapate. Ni jambo jema. Lakini ni mara chache tunajiuliza yule anayelipiwa anadaiwa nini na watu atakaowakuta njiani. Historia ya ufadhili mmoja wa zamani inatugusa sisi watu wa Kongo kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1898, Albert Kahn, tajiri wa Paris, Myahudi aliyezaliwa Alsace, alikikabidhi Chuo Kikuu cha Paris fedha za kuwawezesha walimu vijana kuizunguka dunia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuwadai vitabu vya kitaalamu. Alitaka waone kwa macho yao jinsi mataifa mengine yanavyoishi, kisha warudi madarasani. Wanawake walifunguliwa mlango mwaka 1905. Tuseme pia jambo lisilosemwa mara nyingi: utajiri wa Kahn ulitokana kwa sehemu kubwa na biashara ya hisa za dhahabu na almasi za Afrika Kusini. Waliochimba mali ile hakuna aliyewalipia safari.

Miongoni mwa wafadhiliwa wa kwanza alikuwemo Félicien Challaye, mwalimu wa falsafa, aliyesafiri kati ya 1899 na 1901. Huko Indochina aliuona utawala wa nchi yake kwa karibu, wala hakuona tena kama wanavyoona waliobaki nyumbani. Basi mwaka 1905 serikali ya Ufaransa ilipomtuma Brazza kuchunguza maovu ya Kongo ya Wafaransa, ng'ambo ya mto wetu, Challaye alikuwa katika msafara huo, akiliandikia pia gazeti la Le Temps.

Aliyoyakuta ni mazito. Mwaka 1904, katika kijiji cha Mongoumba, wanawake 58 na watoto 10 walikamatwa kama dhamana ili waume zao walete kodi, iliyolipwa kwa mpira. Walifungiwa Bangui katika nyumba moja isiyo na hewa, chakula kikiwa haba. Wanawake 45 na watoto 2 walikufa humo. Mjini Brazzaville, Challaye alihudhuria kesi ya Gaud na Toqué, maofisa walioshtakiwa kwa sababu ya Mwafrika aliyeuawa kwa baruti tarehe 14 Julai 1903, sikukuu ya taifa lao. Walihukumiwa miaka mitano kila mmoja.

Brazza alifariki Dakar, Septemba 1905, akiwa njiani kurudi. Ripoti ya uchunguzi ilichapwa nakala kumi tu na kufungiwa. Umma uliisoma mwaka 2014. Mwaka ule ule wa 1905, upande wetu wa mto, tume ya Mfalme Leopold nayo ilitoa ripoti yake juu ya mateso ya mpira, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai kwamba haya yalikuwa mambo ya jirani. Kuhani na Mlawi katika mfano wa Bwana walimwona vizuri yule aliyejeruhiwa, kisha wakapita kando. Challaye hakupita kando: alichapisha barua zake mwaka 1906, na kitabu kizima mwaka 1909, wakati ripoti ya serikali ikiwa bado kabatini.

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haituruhusu. Challaye aliendelea kuupinga ukoloni, akaipinga pia vita kwa nguvu zake zote, hata Wajerumani walipoitawala Ufaransa aliandika katika magazeti yaliyokubali kushirikiana nao. Macho yaliyoiona Bangui hayakuona, au hayakutaka kuona, yaliyokuwa yakiwapata Wayahudi mitaani mwake. Kahn, aliyemlipia safari ya kwanza, alikuwa amefilisika tangu mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Alifariki Novemba 1940, karibu na Paris, chini ya utawala huo huo.