Dawa za Wazee Waliopotewa na Kumbukumbu: Kutoka Mathari Hadi Kayole



Kurasa hizi zimezoea hesabu za michango, karo na mazishi. Mwaka huu halmashauri imeona vema kuongeza maneno ya historia, kwa kuwa swali moja laulizwa mara kwa mara katika nyumba za Kayole. Mzee amepotewa na kumbukumbu, halali, saa nane za usiku ataka kufunguliwa mlango aende kwao. Je, ni haki kumpa dawa ili atulie?

Mwaka 1910, huko Ujerumani, Profesa Kraepelin aliyapa maradhi haya jina la mwenzake, Daktari Alzheimer, aliyekuwa ameyaeleza mwaka 1906. Mwaka huo huo wa 1910 serikali ya kikoloni ilifungua Nairobi nyumba ya wenye wazimu, ambayo tangu 1924 yaitwa Mathari. Mambo haya mawili yalikaa miaka mingi bila kukutana. Daktari Carothers, aliyeisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika juu ya akili ya Mwafrika kana kwamba ameipima yote, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likakichapa kitabu chake. Lakini wagonjwa aliowahesabu ni wale walioletwa kwake. Bibi aliyesahau majina ya wajukuu hakuletwa Mathari. Alikaa jikoni kwa mwanawe, akashikwa mkono na mtoto akienda kuota jua, na watu wakasema ni uzee tu.

Tena Nairobi haikujengwa kwa ajili ya wazee. Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni zilikuwa makao ya watu wa kazi, na nguvu zikiisha mtu alitazamiwa kurudi kwao. Vyama kama Luo Union vilijipatia sifa kwa kuwarudisha nyumbani wasiojiweza na kusafirisha maiti. Kwa hiyo mji haukupata kujifunza kumtunza mzee aliyepotewa na akili. Kazi hiyo iliachiwa vijiji.

Kayole ni habari nyingine. Watu waliopata viwanja miaka ya 1980 walijenga, wakapandisha ghorofa, wakazaa, wakabaki. Leo wao ndio babu na nyanya. Wengi hawana shamba la kurudia, au lilikwisha kugawanywa. Binti atoka alfajiri kuwahi matatu, na mzee abaki na msichana wa kazi, mlango umefungwa kwa kufuli.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kwetu neno “nasing homu” lina maana ya hospitali ndogo ya kujifungulia, na vijana wengi wa Eastlands wamezaliwa humo. Ulaya ni makao ya mtu kuishia uzee wake. Makao ya namna hiyo ni machache Nairobi: Nyumba ya Wazee ya Kasarani, iitunzwayo na Masista Wadogo wa Maskini, na Mji wa Huruma wa serikali ya mji, na mengine ya kuhesabika. Basi makao ya mzee wa Kayole ni chumba chake, na dawa yake mara nyingi hutoka duka la dawa la mtaani.

Dawa zenyewe ni za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta msiba. Za kwanza ni za kutuliza. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950, na mwaka 1952 madaktari Delay na Deniker wa Paris wakaitumia kwa wenye wazimu. Haloperidoli ilipatikana Ubelgiji mwaka 1958. Hatuzitukani dawa hizi, maana zimewafungua wengi minyororo. Lakini makao ya wazee ya Ulaya na Marekani yaligundua kwamba zamnyamazisha pia mzee mwenye kuzurura, na zikatolewa kwa wingi pale watumishi walipokuwa wachache. Mwaka 1987 sheria ya Marekani ilikataza mkazi kupewa dawa kwa ajili ya kumrahisishia kazi mtumishi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kwamba zile mpya za jamii hii zaongeza vifo vya wazee wenye maradhi haya, na mwaka 2008 ikaziongeza za zamani. Mwaka 2009 Profesa Banerjee aliieleza serikali ya Uingereza kwamba kati ya wagonjwa kama 180,000 waliopewa dawa hizo kwa mwaka, walionufaika hawakuzidi 36,000, na 1,800 zaidi walikufa kwa sababu yake.

Za pili ni za kumbukumbu, kama donepezili iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Haziponyi, huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa kiasi, na kwa muda. Hazikutengenezwa ili mtu alale. Lakini haloperidoli ni rahisi zaidi kwa bei, na mzee wa miaka 70 anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii hana uchaguzi mkubwa.

Wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walikuta wagonjwa 6.4 katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi. Baadaye walikusanya wazee katika vikundi vidogo kwa mikutano 14 ya mazungumzo, nyimbo na michezo ya kuamsha kumbukumbu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu ya akili na ya maisha. Kazi hiyo haikuhitaji hata kidonge kimoja.

Mwanachama ambaye mzazi wake amebadilika ghafla asikimbilie kidonge cha usingizi. Mara nyingi sababu ni maradhi ya mkojo, choo kigumu, kiu, au maumivu asiyoweza kuyataja. Ampeleke Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, au Mathari, na dawa zote zilizomo nyumbani azitie mfukoni, pamoja na zile zilizonunuliwa bila cheti, apate daktari kuziona moja moja.