Kiingereza Kilichofungiwa Kabatini

Mjadala wa lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania umetuteka kiasi kwamba swali la jirani yake, namna Kiingereza chenyewe kinavyofundishwa kama somo, huguswa kwa pembeni tu. Tangu Tume ya Rais ya Elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ipendekeze mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na serikali ikalikataa pendekezo hilo, wanaotetea Kiswahili na wanaotetea Kiingereza wamekuwa wakijibizana bila kuchoka. Mimi ni wa upande wa mtaalamu wa lugha Martha Qorro na wenzake, wanaoshikilia kuwa lugha hufundishwa vizuri zaidi na mwalimu wa lugha kuliko na mwalimu wa jiografia anayehangaika kuizungumza. Lakini msimamo huo unatudai jibu: mwalimu wa lugha naye afanye nini? Hoja yangu ni kwamba somo la Kiingereza halijapungukiwa mbinu. Limepungukiwa maandishi mepesi, mengi, ambayo mwanafunzi anayasoma mwenyewe bila mtihani kumsubiri mlangoni.

Wazo hili limewahi kujaribiwa kwetu. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na Bill Dodd waliwapima wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule za msingi hadi chuo kikuu, wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kusomea masomo yao. Pamoja na matokeo hayo walipendekeza Kiingereza kiendelee kutumika kufundishia, na wamelaumiwa kwa haki: ushahidi wao ulielekea kusini, hitimisho lao likaelekea kaskazini. Hata hivyo, ripoti yao ndiyo iliyozaa mradi wa ELTSP (English Language Teaching Support Project), uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 1987, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Katika kuubeza mradi kwa sababu ya nia za wafadhili, tuliibeza na sehemu yake iliyokuwa na mantiki.

Mantiki yenyewe ni ya zamani. Michael West, aliyeongoza chuo cha ualimu Dhaka katika Bengal ya wakoloni, aliona kwamba watoto wengi huacha shule kabla ya kuufikia ufasaha wowote. Kitakachowafaa, alisema katika kitabu chake cha 1926, ni uwezo wa kusoma. Basi akaandika vitabu ambavyo maneno adimu yameondolewa, na maneno mapya yametawanywa ili kila moja lirudi tena na tena kabla halijasahaulika. Orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000, iliyotoka mwaka 1953, ingali mezani kwa waandishi wa vitabu vya namna hiyo.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali yetu unatoka Fiji. Huko nako mtoto alianza shule kwa lugha ya kwao, kisha akiwa darasa la nne akatumbukizwa kwenye Kiingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vyenye picha, 250 kwa kila darasa, katika shule za vijijini. Watoto walisoma kama nusu saa kwa siku, ama pamoja na mwalimu ama kila mmoja kimya kimya, huku wenzao wa shule nyingine wakiendelea na mazoezi ya sentensi za kukariri. Baada ya miezi minane, waliosoma hadithi walikuwa wamepiga hatua ya kusoma na kusikiliza karibu maradufu ya wenzao. Mwaka wa pili faida ilionekana hadi kwenye uandishi na sarufi, sarufi ambayo katika madarasa yao hakuna aliyekuwa ameishughulikia kwa makusudi.

Kwa nini iwe hivyo? Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 unaonyesha kwamba msomaji asiye na msaidizi anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri. Sasa chukua ukurasa wa baiolojia wa kidato cha kwanza. "Photosynthesis" halimsumbui sana mwanafunzi: mwalimu ataliandika ubaoni, atalifafanua kwa Kiswahili, na kila mtu anajua litatoka kwenye mtihani. Yanayomwangusha ni "whereby", "release", "thus", "depend", maneno ambayo hakuna mwalimu anayesimama kwa ajili yake. Ni mengi mno kufundishwa moja moja. Hupatikana kwa kukutana nayo mara kumi, mara ishirini, katika habari inayomvuta mtu afungue ukurasa unaofuata.

Vitabu vya kuanzia tunavyo. *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer* vya Richard Mabala ni vifupi, vya kuchekesha, vyenye Kiingereza kinachomeng'enyeka. Tazama lakini jinsi vinavyofundishwa. Ubaoni huandikwa jina la mwandishi, mandhari, wahusika, dhamira. Darasa linanakili notsi. Na mwanafunzi anaweza kueleza kuwa Hawa ni mchapakazi bila kuwahi kusoma kurasa tatu mfululizo. Kitabu kilichoandikwa ili kisomwe kimegeuzwa cha kukaririwa.

Kuhusu mbinu shirikishi zinazohubiriwa kwenye semina, sina ugomvi nazo. Ila wanafunzi 70 wakijadiliana wawili wawili kwa dakika 40, na wote wana akiba ileile ndogo ya maneno, watabadilishana umaskini. Kusoma hakuwezi kuchukua nafasi ya mazungumzo, lakini kunayapa mtaji. Wala Kiswahili hakipaswi kufukuzwa: vitabu vya majaribio vya mradi wa LSTT (Language Supportive Teaching and Textbooks in Tanzania) viliweka sentensi fupi pamoja na maana za maneno kwa Kiswahili, jambo linalomsaidia mwanafunzi kuliko kibao cha "Speak English" langoni.

Kikwazo kikubwa kiko mahali ambapo wanaisimu hatupaangalii: kwenye leja. Kitabu kikishapigwa muhuri wa shule ni mali, na kikipotea, mwalimu aliyekisainia ndiye wa kujieleza. Mwalimu mwenye akili timamu anafunga kabati. Wakaguzi wakija wanakuta nakala zote zipo, safi, na hesabu imetimia. Kitabu cha hadithi chenye kurasa 60 kihesabiwe kama chaki, yaani kifaa kinachotarajiwa kwisha kwa kutumika. Bajeti ya ruzuku ya shule itenge fungu la kujaza vilivyochakaa na vilivyopotea kila mwaka. Na mkaguzi, badala ya kuuliza vimebaki vingapi, aulize daftari la kuazimia lina majina ya nani.