Ukijifunza fundo moja tu la baharini, liwe hili

Kwenye chombo cha tanga, fundo zuri lina kazi mbili: lishike kamba ikibeba uzito, halafu lifunguke ukilitaka. Lisilofunguka huishia kukatwa kisu, na kamba ni pesa.

La kuanza nalo ni bolaini. Hutoa kitanzi kisichojikaza, hivyo hata mtu aliyeanguka majini anaweza kurushiwa akajivika chini ya makwapa bila kubanwa kifua.

Linafungwa hivi. Tengeneza kitundu kidogo kwenye kamba, upande wa ncha ukilala juu ya upande mrefu. Ingiza ncha kwenye kitundu kutokea chini, izungushe nyuma ya upande mrefu, kisha irudishe ndani ya kitundu kilekile. Kaza. Watoto hufundishwa hivi: sungura katoka shimoni, kazunguka mti, karudi shimoni. Likifumuka mkononi, angalia kitundu; mara nyingi kimekunjwa kinyume, ncha ikapita chini.

Kasoro yake ni kwamba halifunguki kamba ikiwa imevutwa. Ndiyo maana gatini ni bora uzungushe kamba mara mbili kwenye nguzo, kisha ufunge mafundo nusu mawili juu ya kamba yenyewe. Nguzo inabeba uzito, wewe unafungua taratibu hata mashua ikivuta.

Mwisho wa demani, ile kamba ya kuongozea tanga, funga fundo la umbo la 8 ili isichomoke kwenye kapi.

Sasa lile la kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, tunalofungia mizigo nyumbani. Kufungia tanga lililokunjwa linafaa, basi. Usiunge nalo kamba mbili za kubeba uzito! Clifford Ashley, Mmarekani aliyetoa kitabu kikubwa cha mafundo mwaka 1944, aliandika kwamba kwa kazi hiyo limeua na kujeruhi watu wengi kuliko kushindwa kwa mafundo mengine yote kwa pamoja. Kuunga, tumia bolaini mbili, kitanzi kimoja kikipita ndani ya kingine.

Kamba za manila za dukani huteleza kuliko zile za usumba za wazee. Acha mkia wa angalau mara 12 ya unene: kamba ya milimita 10, sentimita 12.