Nani Mwenye Kauli juu ya Ngozi? Kutoka Chale za Umwera hadi Mkorogo

Mjadala kuhusu mkorogo nchini mwetu huendeshwa kana kwamba tatizo lilianza juzi, na kana kwamba ni la wanawake wa mijini pekee. Historia ya eneo hili la Nachingwea na Ruangwa inatufundisha vingine.

Mwaka 1906, mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alizunguka maeneo ya Lindi, Masasi na Newala, akaandika kuhusu chale na ndonya walizojirembea Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde. Ngozi ilichanjwa kwa kisu, ikapakwa mkaa, nayo makovu yakawa urembo. Siitukuzi desturi hiyo, kwani kisu kilikuwa na hatari zake na mtoto hakuulizwa ridhaa yake. Hata hivyo, fundi alifahamika kwa jina na kwa ukoo, na kazi yake ilionekana katika nyuso za majirani. Aliyeharibu hakuwa na pa kujificha.

Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliiingiza Nachingwea katika uchumi wa mshahara na duka. Katika uchumi huo, mwuzaji wa kipodozi hana haja ya kujua kilichomo ndani ya kopo, na mtengenezaji wake yuko mbali na macho ya mnunuzi.

Dola ilijibu kwa amri. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na krimu za kung'arisha ngozi kuanzia Januari 1969. Hoja yake kuu ilikuwa heshima na utamaduni wa taifa, si afya ya mtumiaji. Kule Kariakoo wasichana walibughudhiwa hadharani. Mwananchi aliamriwa, hakuelimishwa.

Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilihamisha hoja kutoka kwenye maadili hadi kwenye usalama. Mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi ukahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Zebaki na haidrokwinoni haziruhusiwi katika vipodozi, na kwa sababu za msingi: zebaki hudhuru figo, ilhali haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuiachia ngozi weusi wa kibuluu usiofutika kwa urahisi. Daktari Findlay wa Afrika Kusini aliyaeleza madhara hayo mwaka 1975. Krimu kali za steroidi nazo ni dawa za hospitalini. Zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuchanika michirizi.

Lakini sheria peke yake haiingii saluni. Msimu wa korosho unapoleta fedha mikononi, anayeketi mbele ya mtoa huduma ndiye mkaguzi wa kwanza. Naamini anapaswa kuuliza: Tatizo la ngozi yangu linaitwaje, au ni rangi yangu tu inayoitwa ugonjwa? Wewe umesajiliwa na baraza gani la taaluma? Kopo hili lina viambato gani, na kwa nini lebo imebanduliwa? Madhara yakitokea, nani atanitibu na kwa gharama ya nani? Nisipofanya lolote, itakuwaje? Mshauri anayekwepa maswali haya, au anayedai malipo ya awali siku hiyohiyo, si mshauri bali mchuuzi.

Watumishi wa umma nao wana wajibu. Kuteketeza shehena zilizokamatwa hakutoshi. Orodha ya bidhaa zilizozuiwa ibandikwe sokoni na kwenye zahanati, kwa Kiswahili chepesi. Fundi wa chale aliwajibika kwa sababu kijiji kizima kilimwona. Uwajibikaji wa namna hiyo ndio tunaopaswa kuudai leo, safari hii pamoja na ridhaa ya mwenye ngozi yake.