Marburg: namna ya kuzungumza na mtoto kuhusu ugonjwa unaotisha

Mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, umepata milipuko miwili ya ugonjwa wa Marburg katika muda usiotimiza miaka miwili. Wa kwanza ulitangazwa Machi 21, 2023 katika wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 kati yao wakafariki. Wa pili ulitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan Januari 20, 2025, safari hii ukiwa wilayani Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo, ulikuwa umehesabiwa kuwapata watu 10, na wote 10 walifariki. Katikati ya milipuko hiyo, majirani wa Rwanda nao walipata wao, Septemba 2024, wagonjwa 66 na vifo 15.

Takwimu za namna hii husomwa redioni, na redio ya nyumbani haisikilizwi na watu wazima peke yao. Mtoto anayepukuchua mahindi pembeni anasikia. Akienda kisimani anasikia mengine, shuleni anasikia makubwa zaidi. Akirudi nyumbani anakuta wakubwa wananyamaza ghafla anapoingia, na ukimya huo kwake ni habari pia.

Wazazi wengi hunyamaza kwa nia njema, wakiona mtoto ni mdogo mno kubebeshwa mzigo huo. Lakini kwa ugonjwa kama huu, ukimya una hatari yake.

Homa inayofichwa

Marburg huanza kama magonjwa tuliyoyazoea: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, mwili kuuma, kuchoka. Kutapika na kuhara hufuata, na kwa baadhi ya wagonjwa, kutokwa damu. Katika siku za mwanzo si rahisi kuutofautisha na malaria kwa macho tu, ndiyo maana kila mwenye homa wakati wa mlipuko anatakiwa afike kituo cha afya mapema.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka tisa aliyesikia kwamba anayepanda gari la wagonjwa harudi. Akihisi homa atamwambia nani? Atajikunja kitandani na kusema amechoka tu. Usiku huo atalala na wadogo zake.

Mgonjwa wa Marburg haambukizi wengine kabla ya dalili kuanza. Dalili zikishaanza, virusi hupita kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho au mate yake, au vitu vilivyochafuliwa navyo, kama shuka na nguo. Kwa hiyo saa ambazo mtoto anaficha homa ndizo saa za hatari kwa nyumba nzima. Kwake mwenyewe pia, kuwahi kuna maana. Milipuko ya Kagera ilipotokea hakukuwa na chanjo wala dawa iliyoidhinishwa ya kuua kirusi hiki, lakini kuongezewa maji mwilini na kutibiwa kila dalili huokoa maisha. Kule Rwanda, ambako wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya na walipata matibabu mapema, waliofariki hawakufika robo.

Anza kwa kuuliza

Kosa la kawaida ni kuanza na hotuba. Anza na swali, tena mikono ikiwa na kazi, mnapomenya ndizi au mnapotoka shambani: “Mwanangu, huko shuleni wanasemaje kuhusu huu ugonjwa?” Kisha nyamaza usikilize mpaka mwisho, hata kama anayosema ni ya ajabu. Huenda akakwambia madaktari wanachukua damu za watu. Huenda akauliza kama popo wa kwenye mwembe atawaua usiku. Huwezi kumwondolea hofu ambayo hujaisikia.

Jibu lako liwe fupi na la kweli. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano, maneno haya yanatosha: “Kuna ugonjwa mbaya. Unapita kwa kumgusa mtu anayeumwa. Tunanawa mikono kwa sabuni na hatugusi mgonjwa. Ukiumwa popote, niambie mimi au bibi, hatutakukasirikia.” Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote.

Wa miaka minane au kumi atataka sababu. Mweleze kwamba kirusi huishi kwa popo wala matunda wanaokaa mapangoni na kwenye migodi, kwa hiyo hatuingii mapangoni, hatushiki popo aliyekufa, na pera au embe lililoumwa hatuli. Mweleze pia kwamba ugonjwa huu hauenei hewani kwa kupita tu karibu na nyumba ya mtu. Wengi hutulia wakijua hilo. Kwa vijana wenye simu, kazi ni nyingine: kaa naye, mwombe akuonyeshe anachotumiwa, mkague pamoja nani amekisema. Ukimkemea ataendelea kusoma akiwa amejificha.

Akiuliza usilolijua, sema “sijui, tutamuuliza mhudumu wa afya.” Usione aibu. Kabla vipimo vya maabara havijatoa jibu mwaka 2023, hata serikali iliutaja ugonjwa wa Bukoba kuwa usiojulikana.

Na akiuliza swali zito, “Mama, utakufa?”, usimwahidi kwamba hakuna atakayekufa. Ahadi hiyo si yako kuitoa, na ikivunjika hatakuamini tena kwa lolote. Mwambie lililo mkononi mwako: “Ninafanya kila kitu ili nisiugue. Na likitokea lolote, shangazi atakuwa nawe.” Hakikisha shangazi anajua.

Kuna tabia moja ya majumbani inayopaswa kukoma wakati wa mlipuko, na kwa maoni yetu hata mlipuko ukiisha. Ni ile ya kumtishia mtoto kwa watu wa afya: “Ukilia daktari atakuchoma sindano,” “nitawaita wale wenye mavazi meupe wakuchukue.” Siku wahudumu watakapokuja kweli na mavazi ya kujikinga, huyo mtoto atakimbilia migombani. Afadhali aambiwe mapema: ndani ya mavazi hayo kuna mtu, huenda ni yule yule nesi wa zahanati, na amevaa hivyo ili asipate ugonjwa akaupeleka nyumbani kwake.

Mtu wa nyumbani anapochukuliwa

Hapa ndipo maneno huwa magumu. Mama amepelekwa kituo cha matibabu, godoro lake limechomwa, na mtoto haruhusiwi kumfuata. Asipoelezwa, atatafuta sababu mwenyewe, na mara nyingi atajiona yeye ndiye chanzo: nilikataa kuosha vyombo, ndiyo maana mama ameugua. Mwambie waziwazi kwamba hakuna alilofanya, alilosema wala aliloliwaza lililoleta ugonjwa. Lirudie siku nyingine, maana mara moja haitoshi. Mwambie pia godoro limechomwa kwa sababu kirusi kingeweza kubaki pale, si kwa sababu mama hatarudi.

Mlipuko wa Ebola wa mashariki mwa Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ulifundisha mengi kuhusu hili. Ulichukua watu zaidi ya 2,200. Mjini Beni vilitumika vyumba vya matibabu vyenye kuta za plastiki inayopitisha mwanga, familia ikasimama nje ikamwona mgonjwa wao na kuzungumza naye. Watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa walitunzwa na watu waliokwisha kuugua Ebola wakapona. Hao waliweza kuwabeba na kuwabembeleza kwa sababu miili yao ilikuwa imepata kinga. Pasipo na vyumba vya namna hiyo, simu inasaidia. Muulize mhudumu kama mgonjwa anaweza kuzungumza, hata dakika mbili.

Waliomgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, kila siku wakiulizwa dalili na kupimwa joto. Kwa mtoto, siku 21 ni milele. Weka punje 21 za mahindi kwenye kopo, kila jioni atoe moja. Akiona kopo linapungua, ataelewa kwamba jambo hili lina mwisho.

Ikiwa mgonjwa amefariki, usiseme “amelala” wala “amesafiri.” Mtoto aliyeambiwa baba amelala huanza kuogopa usingizi, na aliyeambiwa amesafiri hukaa njiani akingoja. Sema amefariki, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu tena, na harudi. Kama kwenu mnasema amekwenda kwa Mungu, semeni, lakini mkiwa mmeshasema amefariki. Mwandae pia kwa maziko: watakaozika wamevaa mavazi ya kujikinga, mwili hautaoshwa na ndugu kama ilivyo desturi, wala hautaguswa, kwa sababu mwili wa aliyekufa kwa Marburg bado unaambukiza. Sala zipo. Akitaka kuwepo, asimame mbali pamoja na mtu mzima aliyemzoea.

Anaporudi shuleni

Mtoto aliyemaliza siku 21 bila dalili si hatari kwa mtu yeyote. Hilo mwalimu aliseme darasani kabla hajarudi, asisubiri wenzake wakatae kukaa naye dawati moja au wampe jina la ugonjwa. Mwenyekiti wa kijiji naye ana nafasi yake. Watoto hurudia wanayoyasikia kwa wakubwa wao, na kama dukani mama yake anarushiwa chenji chini ili asiguswe mkono, mahubiri ya mwalimu hayatafika mbali.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameacha, kuota ndoto za kutisha, kung'ang'ania nguo ya mama, tumbo kuuma bila sababu: hayo hutokea baada ya hofu kubwa, na mengi hupungua ratiba ya kila siku inaporudi, chakula kwa wakati, michezo, usingizi. Usimchape kwa ajili hiyo. Yakiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto akiacha kula, kucheza au kusema, mpeleke zahanati au mwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya.

Nchini Tanzania, maswali kuhusu ugonjwa au taarifa ya mtu mwenye dalili piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Kwa mtoto mwenye shida, au anayetaka mtu wa kuongea naye, namba ni 116. Zote mbili hazina malipo, na 116 mtoto anaweza kuipiga mwenyewe.